Alama za Matamshi katika Tahajia ya Kiingereza na Urithi Wake katika Nchi ya Chai

Utangulizi

Mtu anayepita katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet hukutana na vibao vingi vyenye majina ya mashamba na viwanda: Chagaik, Kerenga, Jamji, Marinyn, Chomogonday, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros. Mgeni aliyezoea Kiswahili, lugha ambayo kila irabu yake husomwa kama ilivyoandikwa, huyasoma majina hayo kwa ujasiri mpaka afikapo Chomogonday, ambalo mwisho wake umeandikwa kwa mtindo wa siku za juma za Kiingereza, au Marinyn, ambalo herufi zake za mwisho hazimwonyeshi mahali pa kupumzisha ulimi. Mwenyeji wa hapo huyatamka yote bila kusita. Sababu si kwamba macho yake ni makali zaidi. Kabla hajayaona majina hayo kwenye kibao alikwisha kuyasikia nyumbani, na hicho asomacho ni kikumbusho tu cha kile alichosikia.

Makala haya yanakusudia kuchunguza chanzo cha hali hiyo. Kwa kawaida husemwa kwamba Kikipsigis, kama lugha nyinginezo za Kikalenjin, huandikwa kwa herufi tupu, yaani bila nukta, mikwaju wala viwimbi juu ya irabu, kwa sababu ndivyo lugha hiyo ilivyo. Maoni yangu ni kwamba herufi hizo tupu zilitoka Uingereza pamoja na matbaa na taipureta, na kwamba zilipokuja ziliacha nyuma kitu kimoja muhimu ambacho Waingereza wenyewe hawakukikosa. Ili kulieleza jambo hilo hatuna budi kuanza mbali kidogo, katika historia ya Kiingereza chenyewe.

Kiingereza kilivyovua alama

Kiingereza hakikuzaliwa na herufi zake 26 za leo. Waandishi wa zamani, kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, walikuwa na herufi za ziada kama þ, ð na æ, na katika baadhi ya miswada yao waliweka mkwaju mdogo juu ya irabu ndefu. Baada ya uvamizi huo waandishi waliofunzwa desturi za Kifaransa na Kilatini waliziondoa herufi hizo polepole. Mahali pa þ, kwa mfano, palikuja th, herufi mbili zikifanya kazi ya moja. William Caxton alipoanzisha matbaa yake Westminster mwaka 1476, herufi za chuma alizozitumia zilikuwa za mtindo wa bara la Ulaya, na wapiga chapa waliomfuata walizoea kuiwakilisha þ kwa y pale nafasi ilipokuwa finyu. Basi tangu mwanzo ni kile kilichokuwamo katika sanduku la mpiga chapa kilichoamua ni sauti ipi ipewe herufi yake.

Hata hivyo hawakukosekana watu waliotaka kuirekebisha tahajia hiyo. Wa kwanza wa kukumbukwa ni mtawa aliyeitwa Orm, aliyeishi mashariki mwa Uingereza katika karne ya 12. Orm aliandika mawaidha marefu ya kusomwa kanisani, na kwa kuwa alitaka wasomaji wayatamke sawasawa, kila irabu fupi iliyofungwa na konsonanti aliifuatisha konsonanti mbili. Aliifanya kazi hiyo kwa uthabiti wa ajabu, ukurasa baada ya ukurasa, hata kitabu alichokipa jina linalotokana na lake mwenyewe, Ormulum, naye huliandika kwa r mbili. Hakupata mfuasi. Mswada mmoja tu umehifadhiwa, nao uko Oxford.

Karne nne baadaye, mwaka 1569, John Hart alichapisha kitabu juu ya tahajia, akapendekeza herufi mpya kadhaa na nukta chini ya irabu ndefu. Naye pia alisomwa na wataalamu na kuachwa na umma. Wapiga chapa walikwisha kutulia na mazoea yao, na wasomaji walikwisha kuzoea wapiga chapa.

Lakini haja ya kutofautisha sauti haikwisha. Kiingereza kiliitimiza kwa njia nyingine, kwa kuziweka alama kando ya herufi badala ya kuziweka juu yake. Ile e ya mwisho isiyotamkwa, inayotenganisha mat na mate, hop na hope, kwa kweli ni alama ya matamshi iliyovaa mavazi ya herufi. Ndivyo ilivyo pia kwa konsonanti mbili zinazotenganisha diner na dinner. Alama halisi zilibaki pembezoni tu: katika maneno ya kigeni kama café na naïve, katika ushairi, pale mshairi alipotaka silabi ya mwisho ya blessèd isikike, katika mazoea ya jarida la New Yorker la Marekani, ambalo huandika coöperate kwa nukta mbili, na katika jina la ukoo wa Brontë, ambalo baba yao, Patrick, mtu wa Ireland, alilivisha nukta hizo baada ya kufika Cambridge mwaka 1802.

Kwa hiyo ni kosa kusema kwamba Kiingereza hakina alama za matamshi. Kinazo, ila zimejificha, na mtu asiyekijua Kiingereza haoni zilipo.

Alama zilikowekwa

Hapa pana jambo ambalo, kwa maoni yangu, limepuuzwa sana na wale wanaotoa Kiingereza kama ushahidi kwamba lugha yaweza kuandikwa vyema bila alama. Ni kweli kwamba maandishi ya kila siku ya Kiingereza hayaonyeshi mahali pa mkazo: record ni jina au kitenzi kwa kadiri mkazo ulivyowekwa, na karatasi haisemi. Ni kweli pia kwamba read husomwa kwa namna mbili, na lead kwa namna mbili, na msomaji huachiwa aamue. Lakini msomaji huyo hakuachwa peke yake.

Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, aliweka alama ya mkazo katika maneno aliyoyaorodhesha. Mwaka 1780 Thomas Sheridan alitoa kamusi iliyoonyesha matamshi ya irabu kwa tarakimu, na mwaka 1791 John Walker akafuata kwa kamusi ya matamshi iliyoweka tarakimu ndogo juu ya kila irabu, ili mtu wa mkoani ambaye hakuwahi kumsikia msemaji wa London aweze kulitamka neno kama lilivyotamkwa huko. Kamusi ya Walker ilichapishwa tena na tena kwa miaka mingi. Hazikuwa kazi za wataalamu wachache zilizofungiwa katika maktaba. Zilinunuliwa na walimu, makarani na watu waliotaka kujiendeleza.

Kwa maneno mengine, Kiingereza kilizivua alama kilipokuwa kikitoka barabarani, lakini kiliziacha nyumbani zikiwa zimekunjwa vizuri, na kila aliyezihitaji alijua sanduku lilipo. Ukurasa wa gazeti uliweza kuwa mtupu kwa sababu ukurasa wa kamusi ulikuwa umejaa. Mambo haya mawili hayatenganishwi bila hasara.

Herufi zilivyofika Kericho

Sasa tuje katika nchi ya chai. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaita Wakipsigis kwa jina la Lumbwa, ambalo halikuwa lao. Mwaka 1909 A. C. Hollis, ofisa wa serikali, alichapisha Oxford kitabu chake juu ya Wanandi, chenye maelezo ya lugha yao iliyo karibu mno na Kikipsigis. Mwaka 1923 Juxon Barton aliandika juu ya watu wa Kericho wenyewe, na katika kichwa cha makala yake aliwaita Kipsikis, kwa k katikati. Kufikia mwaka 1939, J. G. Peristiany alipotoa kitabu chake juu ya taasisi zao za kijamii, jina lilikwisha kuwa Kipsigis, kwa g. Hakuna aliyekosea. Katika Kikalenjin sauti k na g hazitofautishi maana. Ulimi huilegeza k inapokuwa kati ya irabu, na sikio la Mwingereza, lililozoea kuzitenga sauti hizo mbili, lilisikia g. Vivyo hivyo kwa p na b. Kwa sababu hiyo kiunganishi cha umilikaji huonekana kama ap mahali pamoja na ab mahali pengine, na arap ya majina ya wanaume haikuwahi kupata sura moja tu.

Tazama basi kinyume kilichotokea. Kikipsigis kilipewa herufi mbili mahali ambapo kilihitaji moja, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa nazo mbili. Nacho kilipewa moja mahali ambapo kilihitaji mbili au zaidi, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa na moja. Utajiri na umaskini wa alfabeti hiyo vyote vilipimwa kwa kibaba cha mgeni.

Lazima tuseme kwamba njia nyingine ilikuwapo. Tangu mwaka 1855 mtaalamu wa Kijerumani Richard Lepsius alikuwa ametoa alfabeti ya kuandikia lugha zote, iliyojaa alama juu na chini ya herufi. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, iliona kwamba alama hizo zinachosha macho na kupotea haraka katika mwandiko wa mkono, na mwaka 1927 ikapendekeza herufi mpya kama ɛ, ɔ na ŋ badala yake. Wakikuyu hawakufuata njia hiyo ya herufi mpya. Wao walibaki na kiwimbi juu ya irabu mbili, ĩ na ũ, ingawa taipureta ya Kiingereza haikuwa na kitufe chake, na mpaka leo jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o halikamiliki bila viwimbi vyake. Kwa Kimaasai, A. N. Tucker na John Tompo ole Mpaayei walitumia alama na herufi maalumu katika sarufi yao ya mwaka 1955. Hata ndani ya jamii ya Kikalenjin, Wapokoti huandika jina lao Pökoot, kwa nukta mbili.

Wakipsigis na Wanandi walipata alfabeti tupu. Biblia nzima ya Kinandi ilitoka mwaka 1939, na kwa kuwa ndicho kitabu kilichosomwa kuliko vyote, tahajia yake ikawa shule ya tahajia. Wakati huohuo uchumi mpya ulikuwa umekwisha kujengwa juu ya ardhi ya Kericho. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kupanda chai kwa mapana, na pamoja na chai yakaja makarani, madaftari ya mishahara, hati za mipaka na taipureta. Jina la mahali liliandikwa na karani kama alivyolisikia, likapigwa taipu, likaingia katika ramani. Na lililokwisha kuingia katika ramani halitoki kwa urahisi. Chomogonday ni kumbukumbu ya sikio la mtu mmoja wa zama hizo.

Sauti ambazo karatasi haikuzipokea

Ni kitu gani hasa kilichopotea? Irabu za Kikipsigis huandikwa kwa herufi tano, a, e, i, o, u. Lakini katika matamshi zimegawanyika makundi mawili. Katika kundi la kwanza mzizi wa ulimi husogea mbele na koo kupanuka; katika la pili hausogei. Wanaisimu huhesabu irabu tano katika kila kundi, yaani kumi, na kila moja yaweza kuwa fupi au ndefu, hivyo jumla yake ni 20. Juu ya hizo kuna toni. Tucker na mwenzake Margaret Bryan waliyaeleza mambo haya katika uchunguzi wao wa majina ya Kinandi na Kikipsigis wa mwaka 1964, na Chet na Jane Creider wakayaeleza kwa kirefu katika sarufi yao ya Kinandi ya mwaka 1989.

Mfano mdogo utatosha. Neno liandikwalo ker laweza kuwa amri ya kutazama au amri ya kufunga mlango. Masikioni maneno hayo hayafanani, kwa kuwa irabu zake si moja. Karatasini ni pacha. Mtu atasema kwamba muktadha utaamua, na mara nyingi ndivyo.

Lakini toni haina huruma kama hiyo. Katika Kikipsigis kitenzi hutangulia, na majina ya mtenda na mtendwa hufuata. Kinachotambulisha ni nani aliyetenda si mpangilio peke yake. Ni toni ya jina. Jina lina toni moja linapokuwa mtenda na nyingine linapokuwa mtendwa, na kwa hiyo msemaji aweza kuyabadilishia majina nafasi bila kuharibu maana. Ukiandika Kere Kibet lakwet, msikilizaji angejua papo hapo kama Kibet anamwona mtoto au mtoto anamwona Kibet. Msomaji huchukua mpangilio wa kawaida na kutumaini. Ni kana kwamba Kiswahili kingeandikwa bila viambishi vya nafsi katika vitenzi, kisha tukaambiwa kwamba Waswahili wenyewe wataelewa.

Na kweli wataelewa. Hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo. Herufi tupu ni mkopo, na mdhamini wa mkopo huo ni sikio la msomaji. Maadamu kila asomaye amekulia katika nyumba inayosema lugha hiyo, deni hulipwa kila mstari bila mtu kuona. Hali hiyo si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Washairi wa Lamu na Mombasa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo alama zake za irabu ni tatu, kwa lugha yenye irabu tano. Msomaji alitambua penye o na penye u kwa kuwa alikijua Kiswahili kabla hajakijua Kiarabu. Leo mwanafunzi wa chuo anayeusoma mswada huo bila masikio ya Lamu hukwama mara kwa mara, na mdhamini hayupo tena wa kumwuliza.

Apostrofi na majina ya watu

Ipo alama moja iliyokubaliwa katika maandishi ya Kikipsigis, nayo ni ile apostrofi ya ng', ambayo Kiswahili pia kinaitumia katika ng'ombe. Kwa nini hiyo ilipita na nyingine zikazuiwa? Jibu liko katika vitufe. Apostrofi ilikuwamo katika taipureta kwa sababu Kiingereza chenyewe kinaihitaji, katika don't na katika umilikaji. Kiwimbi na nukta mbili hazikuwamo. Alama pekee iliyopata ruhusa ya kuingia Kericho ni ile iliyokuwa na kazi London.

Na hata hiyo haina makao ya kudumu. Mtoto wa kiume aliyezaliwa jioni huitwa Kiplang'at, na jina la ukoo litokanalo nalo huandikwa Lang'at na wengine, Langat na wengine, huenda ndani ya nyumba moja. Baadhi ya fomu za kompyuta haziikubali apostrofi, na karani huiondoa. Mkulima mdogo wa chai ambaye jina lake lina apostrofi katika kitambulisho na halina katika hati ya shamba hujua kwamba alama ndogo kama mguu wa sisimizi yaweza kumrudisha nyumbani na kumtaka alete barua ya chifu. Vivyo hivyo kwa Kibet aandikwaye kwa t moja na Bett aandikwaye kwa t mbili: wa pili amevalishwa konsonanti ya ziada kwa desturi ya Kiingereza, ingawa asili yao ni moja, yaani mchana.

Katika jambo hili hapana budi kumkumbuka Taaitta Toweett (1925–2007). Wengi wanamjua kama mwanasiasa wa Kericho aliyepata kuwa Waziri wa Elimu katika miaka ya 1970. Wachache wanamkumbuka kama mhariri wa gazeti la lugha ya mama, Ngalek ap Kipsigis, na kama mwanaisimu, mtunzi wa A Study of Kalenjin Linguistics na wa kamusi ndogo ya majina kwa Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin, vyote vya mwaka 1979. Katika karatasi za zamani jina lake huonekana kama Taita Towett. Yeye mwenyewe aliliandika Taaitta Toweett. Msomaji wa Kikipsigis aonapo aa na ee hujua kwamba irabu ni ndefu, kwa hiyo jina hilo peke yake ni somo la tahajia, na somo ambalo liliingia katika kila hati ambayo waziri huyo aliitia sahihi. Sijui mfano mwingine uliokaribia zaidi ule wa Orm na r zake mbili: mtu anayeanza kuirekebisha tahajia ya lugha yake kwa kulirekebisha jina lake mwenyewe.

Hoja ya upande wa pili

Haitakuwa haki kuyamaliza maelezo haya bila kuitaja hoja ya wale wanaozitetea herufi tupu, maana ni hoja nzito. Jina Kalenjin lenyewe ni jipya kiasi. Lilienea katika miaka ya 1940, kutokana na neno lenye maana ya "nakwambia" lililotumiwa katika matangazo ya redio wakati wa vita, na mwaka 1948 likachukuliwa na chama kilichoanzishwa Eldoret. Watu waliojikusanya chini yake, Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo, Watugen na wengineo, hawatamki kila neno sawasawa. Irabu ambayo Mnandi huitamka hivi, jirani yake huitamka vile; Mkipsigis husema lang'at pale ambapo Mnandi husema lagat. Tahajia ambayo ingeonyesha kila sauti ingemlazimu mwandishi achague ni nani aandikwe na nani aachwe. Herufi tupu hazichagui. Kitabu kimoja husomwa Bomet kwa sauti ya Bomet na Kapsabet kwa sauti ya Kapsabet, na kila mmoja hukiona kuwa chake.

Kiingereza nacho kimefaidika kwa njia hiyohiyo. Mtu wa Edinburgh, wa Chicago na wa Nairobi husoma ukurasa mmoja kwa matamshi matatu, na tahajia yao, kwa ubovu wake wote, imewaweka pamoja. Tena alama nyingi huchosha mkono na macho, na mwenye kuandika barua hazitii hata akifundishwa.

Nakubali yote hayo kuhusu gazeti, barua na Biblia. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini ukurasa wa kila siku uwe mtupu. Haielezi kwa nini kusiwe na ukurasa mwingine wowote uliojaa. Kwa miaka mingi alama za Kikalenjin zimekuwapo katika vitabu vya wataalamu tu. Kamusi ya Kinandi ya Creider na Creider, iliyotoka Köln, Ujerumani, mwaka 2001, inaonyesha toni na aina za irabu. Lakini maelezo yake ni ya Kiingereza, na makao yake ni maktaba za vyuo vikuu. Walker aliwaandikia walimu wa mikoani. Kamusi yetu iliandikiwa wanaisimu.

Hitimisho

Huenda mtu akauliza kama jambo hili lina uzito wowote kwa mchumaji chai ambaye siku yake hupimwa kwa kilo za majani mabichi. Nadhani linao, na linamhusu mtoto wake. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha inayotumiwa na watu wa mahali pa shule, na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi. Lakini katika mashamba makubwa ya Kericho wazawa huishi pamoja na watu kutoka Kisii, Nyanza na nchi ya Waluhya, na mtoto hukulia katika Kiswahili cha kambini kabla ya lugha ya bibi yake. Mtoto huyo akifungua kitabu cha Kikipsigis anakutana na herufi tupu bila ya yule mdhamini niliyemtaja. Macho anayo, alfabeti anaijua, lakini ker mbili kwake ni moja. Redio kama Kass FM na Chamgei FM zinamsaidia kwa kuirudisha sauti nyumbani. Hata hivyo redio haimngojei mtu arudie neno ambalo hakulishika.

Pendekezo langu ni dogo, nalo limetokana na historia ya Kiingereza yenyewe badala ya kuipinga. Maandishi ya kila siku yabaki kama yalivyo. Lakini pawe na kamusi ya shule na vitabu vya kwanza vya kusomea ambavyo vinaonyesha kundi la irabu, urefu wake, na toni pale inapobadilisha maana. Kwa kundi la irabu kazi si kubwa kama inavyodhaniwa, maana katika Kikalenjin irabu za neno moja kwa kawaida hufuatana katika kundi moja. Alama moja tu kwa neno yaweza kutosha. Wala hatuwezi tena kuilaumu mashine. Tangu Unicode ianze mwaka 1991, kompyuta na baadaye simu zimeweza kuandika ĩ na ö kama ziandikavyo a na b. Kilichobaki ni mazoea.

Waingereza waliweza kuandika kwa herufi tupu kwa sababu alama walikuwa nazo ndani. Sisi tulipewa herufi bila sanduku la alama, tukadhani kwamba hivyo ndivyo kuandika kulivyo. Walio na masikio ya Kikipsigis cha wazee wangali wapo Bomet, Sotik, Konoin na Belgut. Kazi ya kuziandika sauti zao katika kamusi ya shule ifanywe wakati wapo wa kuulizwa.